Maji ya Juu

Nachora bahari kwa riziki, na ninaichorea Kihonda, ambako maji makubwa kuliko yote ni yale yanayotuama mbele ya mashine ya kukoboa mahindi mvua ikinyesha. Ofisi yetu iko ghorofani, juu ya duka la vyakula vya kuku. Dirishani unaiona milima ya Uluguru, na mezani kwangu, kwenye kioo cha kompyuta, kuna pwani. Watu wakiniuliza kazi yangu nikawaambia, hucheka. Mluguru na bahari, wapi na wapi. Nimezoea, na siku nikiamka na hasira zangu huwajibu kwamba hata daktari wa macho hakai ndani ya jicho.

Kazi yenyewe ukisimuliwa utaiona nyepesi. Satelaiti inapita juu, inapiga picha, picha zinatufikia, nasi tunachora mstari pale nchi kavu inapoishia na bahari inapoanzia. Wenye mipango ya pwani wanauhitaji mstari huo ili wajue wapi pajengwe, wapi mikoko ipandwe upya na nyumba za nani zihamishwe. Shida ni kwamba mstari haupo. Maji yanajaa na kupwa, na satelaiti haiulizi saa ya maji. Inapita zamu yake ikifika. Picha hii imepigwa wakati wa bamvua, bahari imepanda mpaka kwenye mizizi ya minazi. Picha ile imepigwa maji yamekupwa, na mchanga umejianika mbali kabisa. Ukizilaza moja juu ya nyingine unapata nchi iliyoota na kuzama ndani ya mwezi mmoja, wakati wenyeji wala hawakuona kitu. Basi unakaa, unapima, unakisia, halafu unachora. Mkubwa wa kazi akikuuliza kwa nini mstari umepita hapa na si pale, unamjibu kwa maneno marefu ili asijue kwamba ulichagua tu.

Na ramani za zamani ndizo balaa tupu. Zilipimwa kwa vipimo vyao, sisi tuna vyetu, na usipozisogeza kwa hesabu pwani nzima inahama, misikiti inaingia majini na mashua zinakwenda kwenye mihogo. Tena wapimaji wa nchi kavu walikuwa wakikomea pale miguu inapoanza kulowa, na wapimaji wa bahari walikomea pale chombo chao kinapoanza kukwaruza mchanga. Katikati yao umebaki utepe ambao hakuna aliyeupima. Kwenye ramani zetu ni mweupe. Mjomba wangu amezikwa katika utepe huo.

Mjomba huyu alikuwa kaka mkubwa wa mama yangu, kifungua mimba wa bibi. Kwetu Uluguru ukoo unafuata upande wa mama, kwa hiyo mjomba si mtu wa kukuletea zawadi za sikukuu tu. Ndiye mwenye neno juu yako. Wa kwangu aliacha michungwa na karafuu za Kinole akateremka pwani kufanya kazi kwenye mashamba ya chumvi. Kwa nini, sikuwahi kuambiwa vizuri. Akija nyumbani alikuwa na nyayo zilizopasukapasuka, na mfukoni chumvi ya mabonge, akitugawia sisi watoto tulambe mpaka tunagombana. Alikuwa akisema bahari ni kubwa lakini haina kazi: inakuja, inarudi, inakuja, inarudi. Bibi akimjibu kwamba kitu kisichotulia si cha kukaa nacho.

Alikufa kwa homa, wakati wa masika. Nilikuwa binti mdogo, lakini mwaka ule naukumbuka kuliko miaka mingine yote ya utoto wangu, kwa sababu ndio mwaka ambao mlima ulikatika. Mvua ilinyesha mpaka ardhi iliyo juu ya nyumba zetu ikaachia, ikateremka na migomba, na mawe, na makaburi ya ukoo. Bibi alisimama mlangoni akaona kwa macho yake mifupa ya watu wake ikienda na tope korongoni. Kuna waliookotwa na kuna wasiookotwa. Watu walikuwa bado wako korongoni wanatafuta ilipofika habari kwamba mwanawe amefariki huko pwani.

Barabara ilikuwa imefukiwa, na hakuna maiti ambayo ingepandishwa Kinole wiki ile. Tukateremka sisi. Tulikwenda kwa miguu mpaka pale magari yalipokuwa yanafika, bibi mbele, hataki kushikwa mkono. Tulipowasili pwani, wenyeji walikuwa wamekwisha kuchimba kaburi kwenye makaburi yao, upande wa bara, kando ya bonde dogo lenye nyasi. Walikuwa watu wema sana wale. Bibi aliwasalimu, akawashukuru, kisha akauliza swali moja: mvua ikinyesha, maji ya juu, yale yanayoteremka, yanapita wapi? Wakamwonyesha bonde. Akasema mwanawe halazwi kwenye njia ya maji ya juu.

Hakupiga kelele. Neno hilo alilisema tu, akalirudia, na kaka yake aliyekuwa amefuatana naye akalipeleka kwa wanaume wa pale. Halafu akaonyesha kwa kidole mahali alipopataka: kigongo cha mchanga upande wa pili, kuelekea baharini, pakavu, pana upepo na vichaka vya kuzuia jua. Kwetu mlimani maji yakishakupita yamekwenda, hayarudi. Anayepaswa kuogopa ni yule anayekaa chini ya mteremko, na pale kwenye kigongo, kwa hesabu ya bibi, hapakuwa na kitu chochote juu yake cha kuteremka. Bahari ilikuwa chini, tena mbali. Wenyeji walitazamana. Mmoja wao alianza, "Huku kwetu, mama, maji..." lakini mwenzake akamgusa bega, kwa kuwa mama aliyefiwa habishiwi. Wakalifukia lile shimo la kwanza wakaenda kuchimba jingine pale alipotaka. Nilikuwa nyuma ya bibi nimeshika upindo wa kanga yake, nikamsikia anashusha pumzi.

Nieleze na jambo la jina, maana ndilo lililotuleta kwenye haya yote. Kwetu jina la marehemu halitupwi. Linakwenda kwa mtoto wa ukoo, ila kwanza kaburi lifagiwe: wazee waende, wafagie, wamimine maji na unga kidogo, wamwambie aliyelala kwamba jina lake linachukuliwa na nani. Bila hivyo, anasema bibi, watu wawili wanaitikia mwito mmoja, na anayeumia ni mtoto. Sina hakika kama naamini. Nina digrii na nina hofu, na viwili hivyo vinaishi ndani yangu bila kugombana.

Nilipokuwa chuo nilikwenda na mama kulifagia kaburi lile, kufagia kwa kawaida tu, kwa sababu wakati huo mtoto wa kurithi jina hakuwepo. Nilikuwa nimeazima chuoni kile kifaa cha kupimia mahali kwa satelaiti. Nikasimama kichwani mwa kaburi, nikapiga nukta. Mama akauliza nafanya nini. Nikamwambia namwandika mjomba mahali alipo, asipotee. Mama alifurahi, akasema kumbe ile ada ya chuo haikwenda bure. Siku hiyo bahari niliiona kwa mbali, nyuma ya vichaka, na sikuitilia maanani.

Baadaye mambo yakawa mengi, kama yanavyokuwa. Mashamba ya chumvi yalifungwa, wenyeji waliotupokea wakatawanyika, na namba za simu tulizokuwa nazo zikawa hazipatikani. Mama akaanza kuumwa magoti. Kisha mdogo wangu akajifungua mtoto wa kiume, na ukoo mzima ukakubaliana bila hata kikao kwamba jina la mjomba ni la mtoto huyu. Jina la kliniki anapewa na babaye, hilo analo. La mlima ndilo lililokuwa linasubiri. Na bibi, ambaye sasa hata kuutoka uani ni shughuli, akasema hataki kuondoka duniani kabla hajaliona jina la mwanawe limepata mtu wa kulibeba.

Akaniita Kinole. Nilimkuta kwenye mkeka, anachambua karafuu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Naambiwa siku hizi ndiwe unayeichora bahari."

"Ndiyo, bibi."

"Redioni wanasema inakula nchi."

"Mahali pengine inakula, bibi. Mahali pengine inarudisha."

Akazisogeza karafuu upande mmoja wa ungo kwa kiganja. "Basi niangalizie mwanangu. Kama pake papo, wazee watakwenda kufagia, na mimi nitakwenda hata kwa kubebwa. Kama hapapo..." Akanisukumia sahani ya machungwa yaliyomenywa, akaniambia nile, nimekonda.

Alichokuwa anauliza kilikuwa kikubwa kuliko kaburi. Alikuwa anauliza kama yeye, kwa kidole chake mwenyewe, alimtoa mwanawe mahali pakavu akampeleka majini. Neno hilo hakulisema, na mimi sikulisema, na yale machungwa niliyokula siku ile sijui hata yalikuwa na ladha gani.

Ningeweza kulitafuta jibu siku hiyohiyo. Pwani ile ilikuwa tayari ndani ya kazi ya ofisi, picha zote ninazo. Lakini nilijipa sababu. Picha nyingi zina mawingu, na hili si uongo. Pwani yetu inapenda mawingu, unaweza kupata picha za msimu mzima usione chochote isipokuwa pamba nyeupe. Nikasema nitangoja picha safi. Zilipokuja zile safi nikasema maji yalikuwa yamejaa, nitangoja ya maji kupwa. Nilikuwa nafika ofisini, naifungua pwani ya kusini, pwani ya kaskazini, visiwa, kila mahali isipokuwa pale. Mtu anayeogopa kujua ana kazi nyingi sana.

Ilikuwa jioni moja nyumbani Mafiga, ninakokaa na mama, nilipoamua liwalo na liwe. Niliweka kompyuta kwenye meza ya kulia nikaitoa ile nukta ya siku za chuo. Nikafungua picha ambayo programu ilikwisha kuipaka rangi. Kazi hiyo tunaifundisha kompyuta ifanye yenyewe: unaionyesha sampuli, hii ni nchi, hii ni maji, nayo inapita picha nzima ikipaka nchi kijani na maji bluu. Picha yenyewe ilikuwa ya masika. Nukta ya mjomba ilikaa juu ya kijani.

Mama alikuwa anapita na beseni la mchicha. Akasimama nyuma yangu.

"Hiyo si ndiyo alama ya kaka?"

"Ndiyo, mama."

"Na kijani ni nini?"

"Nchi kavu," nikajibu, maana ndiyo maana ya kijani.

Nilikuwa namjibu kuhusu rangi. Yeye alisikia kuhusu kaka yake. Nilipogeuka kumwambia asubiri niangalie vizuri, beseni lilikuwa sakafuni na yeye yuko uani na simu. "Lipo," namsikia anasema, na sauti yake imekuwa ya msichana. "Kaburi lipo. Mtoto ameliona kwenye kompyuta yake." Kabla mchicha haujaiva, wazee wa ukoo walikuwa wamekwisha kupanga siku ya safari, na bibi alikuwa amemtuma mtu akamkatie njiti za ufagio mpya.

Mimi nilibaki na kompyuta. Kadiri nilivyotazama ndivyo nilivyokosa raha. Kijani kile kilikuwa kingi mno. Kilitoka kwenye mdomo wa mto, kikapita mbele ya mikoko, kikajinyoosha baharini kama ulimi, mpaka mahali ambapo vyombo hupita. Nchi haioti ulimi ndani ya wiki moja. Nikafungua picha ya kiangazi, mahali palepale: bluu. Nikafungua ya kiangazi cha kabla yake: bluu. Ndipo nikajua. Mvua zikiwa kubwa mto unamwaga tope baharini, na maji yenye tope, yakitazamwa kutoka juu, yanarudisha mwanga unaofanana na wa udongo. Kompyuta ilifundishwa kwamba rangi ile ni nchi, ikaipaka nchi. Ni kosa la kawaida kabisa kwenye pwani zenye mito, na nimewahi kuwafundisha vijana wa mafunzo ofisini kwetu namna ya kulishuku. Kile kijani chini ya mjomba kilikuwa tope juu ya maji.

Nilimwambia mama asubuhi. Alinikasirikia.

"Kwa nini ulisema nchi kavu?"

"Kwa nini ulipiga simu, mama? Ungeningoja."

"Nimengoja miaka mingapi, wewe?"

Tulirushiana maneno ambayo binti na mama yake hawapaswi kurushiana, halafu akakaa kwenye kiti cha uani akalia. Alipotulia akaniambia niende mwenyewe. Nikaangalie kwa macho yangu, maana picha zangu zimekwisha kutudanganya mara moja.

Nilikwenda. Nilipanga nifike saa ya maji kupwa, nimpe mjomba kila nafasi. Mashamba ya chumvi yalikuwa yamebomoka kingo, yameota majani ya chumvichumvi, hakuna mtu. Ile nukta nilikuwa nimeitia kwenye simu, nikaishika mbele yangu nikafuata mshale wake. Vichaka nilivyovikumbuka havikuwepo. Kigongo nacho hakikuwepo; palikuwa na mteremko mfupi wa mchanga uliokatwa wima, mizizi inaning'inia hewani, kisha ufukwe, kisha maji. Mshale ulielekea mbele. Nikavua viatu, nikakunja sketi. Maji yalinifika magotini, mshale unasema mbele. Yakanifika mapajani, na hapo simu ikatetemeka mkononi mwangu ikaandika kwamba nimefika.

Nilisimama. Bahari yenyewe ilikuwa imekupwa kadiri ya uwezo wake na bado mjomba alikuwa chini. Maji hayakuwa na rangi ya bahari. Yalikuwa mekundu ya kahawia, mazito, nikayachota kwa kiganja nikayaacha yachuruzike, na kwenye mistari ya kiganja ukabaki udongo. Niliutambua kama ninavyoutambua udongo wa njia ya kwetu unapokauka kwenye viatu. Sikuweza kuona miguu yangu. Niliogopa kunyanyua unyayo, kwa sababu sikujua nimekanyaga nini, na nikiunyanyua sikujua nitaushusha juu ya nini. Nikasema, shikamoo, mjomba. Sauti yangu ilinitisha, nikatoka majini kinyumenyume, polepole, mpaka nikafika mchangani.

Tangu siku ile hutokea nimekaa ofisini, mchana kweupe, mashine ya kukoboa inanguruma hapo chini, nikausikia ule mtetemo wa simu kiganjani na simu yenyewe iko kwenye mkoba. Sijamwambia mtu, ila ndivyo ilivyo.

Nilipanda Kinole siku moja kabla ya wazee kukusanyika. Mama hakuja, alisema magoti, na mimi nikajua si magoti. Bibi alikuwa ameketi nje ya nyumba, amejitanda kanga mpya ambayo bado ina harufu ya duka. Ufagio ulikuwa umekwisha kufungwa, umeegemezwa ukutani. Jikoni kulikuwa na kuku aliyewekwa kwa ajili ya safari, amefungwa mguu.

Nilimwamkia. Akaitikia, akanichungulia usoni, akasema, "Kaa chini, mke mwenzangu. Umekuja na uso wa mtu wa serikali."

Nikakaa. Nilikuwa nimejipangia maneno tangu stendi ya mjini, na yote yakanitoroka.

"Bibi, ile rangi aliyoiona mama haikuwa nchi kavu."

"Ilikuwa nini?"

"Tope. Nimekwenda mwenyewe. Pale alipo sasa ni ndani ya maji, hata yakipwa."

Mkono wake ulikuwa unalipapasa pindo la kanga, unalikunja na kulikunjua. Nilitaka aseme chochote, hata anitukane. Nyuma ya nyumba kijito kilikuwa kinapita, kile tunachoteka maji, na kwa kuwa mvua ilikuwa imenyesha asubuhi kilikuwa na kelele.

"Sasa nchi gani inaonekana pasipo na nchi?" aliuliza mwishowe.

"Ni udongo, bibi. Mvua inaukwangua mashambani, vijito vinaupeleka mtoni, mto unaumwaga baharini. Ukitazamwa kutoka juu unaonekana kama nchi kavu."

"Udongo wa wapi?"

Nikaona hapo pana faraja, nikaikimbilia. Kazini nisingethubutu kusema hivyo, kwa sababu mto ule unakusanya udongo wa mahali pengi kabla haujafika baharini, na hakuna picha inayoweza kukutenganishia wa huyu na wa yule. Lakini sikuwa kazini. Nilikuwa mbele ya mama aliyefiwa, nami nilitaka kumpa kitu.

"Wa huku kwetu, bibi. Nimeushika kwa mkono. Ni huuhuu wa Kinole. Mvua zikinyesha, mjomba anafunikwa na udongo wa kwao."

Niliamini ningemwona anashusha pumzi tena, kama nilivyomsikia nilipokuwa mtoto. Badala yake aligeuza kichwa taratibu kuelekea nyuma ya nyumba, kwenye ile kelele ya kijito, akasikiliza.

"Kwa hiyo maji ya juu yalimfikia," akasema.

Nilijaribu kumwambia kwamba haikuwa hivyo, kwamba kilichokula kigongo ni bahari na mawimbi yake, kwamba hata pale bondeni huenda pasingekuwa salama, kwamba hakuna aliyeweza kujua. Yote hayo ni kweli na ningeweza kumwonyesha kwenye ramani. Aliniacha nimalize, kwa adabu. Kisha akamwita mjukuu aliyekuwa jikoni akamwambia amfungue yule kuku mguu, aende akale.

Wazee walipokuja kesho yake aliwapa chai na mihogo akawarudisha makwao. Wengine walisema twende tukafagie hata huo ufukwe, Mungu anajua nia. Mmoja alisema jina lichukuliwe hivyohivyo, dunia imebadilika. Bibi alisema mtu aliye njiani harithiwi jina, na mwanawe bado yuko njiani, watamrithi akifika. Hakuna aliyemwuliza afike wapi. Mtoto wa mdogo wangu sasa anatembea, anavunja vikombe, na sisi wa upande wa mama tunamwita "baba" tu, kama watoto wote wa kiume wanavyoitwa, huku tukilikwepa lile jina kana kwamba limelala na hatutaki kuliamsha.

Mvua za mwaka huu zimeanza. Bibi amejifunza kupiga simu, yeye aliyekuwa anasema simu ni kelele za watoto, na hunipigia mimi tu. Hanisalimu kwa utani tena. "Huku imenyesha," ananiambia. "Yakifika kwake uniambie." Namjibu ndiyo, bibi. Nimejaribu kumwuliza kwa nini anataka kujua, akasema mama ni lazima ajue mwanawe anapatwa na nini.

Basi nangoja. Kwa siku kadhaa kunakuwa na mawingu matupu, mlimani na baharini, na sioni kitu. Halafu yanaachana, picha inashuka, na ule ulimi umekwisha kutoka mtoni. Programu inapita na kupaka rangi, na kwa muda mfupi hapa Kihonda mjomba wangu yuko juu ya kijani, pakavu, mahali ambapo wazee wanaweza kwenda na ufagio. Ningependa kumwacha hapo. Lakini ramani hii si ya ukoo wetu. Itachukuliwa na watu nisiowajua, na mtu anaweza kuiamini akajenga nyumba akalaza watoto ndani. Kwa hiyo nashika kipanya, nauzungushia mstari ule ulimi wote, nabadilisha kijani kuwa bluu. Kila masika namrudisha majini kwa mkono wangu mwenyewe. Nikimaliza nampigia bibi, namwambia yamefika.